Kumbukumbu Isiyopotea Umeme Ukikatika

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ndugu zangu makarani wa vyama vya msingi mliokubali kuacha mizani zenu kwa saa moja: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Msimu uliopita wa korosho nilikuwa katika ghala moja nje ya mji umeme ulipokatika. Gunia la kumi na mbili la mkulima mmoja lilikuwa bado juu ya mizani, karani ameshaandika kilo 81, na kidole chake kilikuwa kinakwenda kwenye kitufe cha kuhifadhi. Skrini ikazimika. Umeme uliporudi, kompyuta haikuwa na habari ya gunia hata moja kati ya yale kumi na mawili, yakapimwa upya yote mbele ya foleni iliyokwisha kuchoka na jua. Ninataka tujue kwa nini kompyuta ilisahau, na kwa nini kuipa kumbukumbu isiyosahau kumekuwa kazi ngumu kuliko wengi walivyodhani.

Kumbukumbu kuu ya kompyuta, ile tuitayo DRAM, ilibuniwa na Robert Dennard wa IBM mwaka 1966. Kila biti, yaani sifuri au moja, ni chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita moja (kihifadhi chaji) inayolindwa na transista moja (swichi ndogo ya umeme), na chaji hiyo huvuja kama maji katika mtungi wenye ufa, kwa hiyo kila seli, yaani kapasita na transista yake, lazima ijazwe upya kila baada ya milisekunde 64 hivi, hata mashine ikiwa imekaa bila kazi. Umeme ukikatika, hakuna wa kujaza. Kumbukumbu ya flashi, aliyoibuni Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980, hutunza data bila umeme, lakini ni nzito kuandika: haikubali maandishi mapya juu ya ya zamani mpaka bloku nzima, yaani kundi zima la seli, ifutwe, na kila ufutaji huichakaza. Basi kwa miongo mingi kompyuta zimejengwa kwa kugawana kazi, wa haraka akisahau na mzito akikumbuka.

Teknolojia mpya zinataka kuziba pengo hilo. Mojawapo, iitwayo MRAM, hutunza biti kwa mwelekeo wa sumaku katika tabaka jembamba, na tayari imo ndani ya chipu ndogo za vifaa mbalimbali. Inayonivutia zaidi ni kumbukumbu ya kubadili hali, ambayo hutumia mchanganyiko wa jerimani, antimoni na teluri. Mpika kashata anaijua tabia yake: shira ikipozwa ghafla huganda kama kioo, ikipoa taratibu hufanya chembechembe. Mchanganyiko huu ukiyeyushwa na kupozwa ghafla huzuia mkondo wa umeme. Ukipashwa moto wa kiasi hujipanga kuwa fuwele na kuupitisha. Hali hizo mbili ndizo sifuri na moja, na hubaki hata umeme ukiwa haupo.

Mwaka 2015 kampuni za chipu za Intel na Micron zilitangaza kumbukumbu isiyosahau iitwayo 3D XPoint, na mwaka 2019 Intel ikaanza kuuza vipande vyake, kwa jina la Optane, vya hadi gigabaiti 512, vinavyochomekwa pale pale inapokaa DRAM. Mwaka 2022 Intel ikatangaza kuifunga biashara hiyo. Bei ilichangia, lakini kwa maoni yangu mzigo mkubwa uliangukia programu, na hapo naomba tukae kidogo.

Prosesa, ile sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri za programu, haiandiki moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu. Huandika kwanza katika kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani yake, ambayo kwa kawaida husahau umeme ukikatika, na data hutoka humo kwa mpangilio ambao mwandishi wa programu hakuuchagua. Tuseme programu imeandika rekodi ya gunia la kumi na mbili, kisha ikabadili idadi kutoka 11 kuwa 12. Idadi ikitangulia kufika na umeme ukakatika, kumbukumbu itasema magunia ni 12 ilhali la mwisho ni takataka. Katika DRAM, kuzima na kuwasha kungeifuta takataka hiyo; katika kumbukumbu isiyosahau, utaikuta kesho na keshokutwa. Ndiyo maana Intel iliongeza amri ya CLWB, inayosukuma data itoke katika kashe, ikifuatwa na amri ya kusubiri. Kinachohakikishwa kuandikwa kwa mkupuo mmoja ni baiti 8 tu, zinazotosha idadi lakini si rekodi nzima, kwa hiyo rekodi hutangulia, programu husubiri ifike salama, ndipo idadi ibadilishwe.

Ndugu makarani, utaratibu huo haungoji vifaa vipya. Programu ya ghala lile ilikuwa inabeba magunia yote ya mkulima katika DRAM mpaka kitufe kibonyezwe. Tuliibadili: sasa kila gunia huandikwa kwenye diski likiwa bado juu ya mizani, programu husubiri diski ithibitishe, ndipo idadi huongezwa. Kabla msimu haujaisha umeme ulikatika tena kukiwa na foleni, na gunia lililorudi mizanini lilikuwa moja.