Piga Hesabu ya Broka Kabla Hujawasha Roboti

Karibu mtazamaji. Leo tunalinganisha makato ya mabroka wawili wa foreksi, halafu tunapima roboti, yaani programu inayonunua na kuuza yenyewe, ndani ya MetaTrader 5, programu ya kufanyia biashara hiyo. Makato yanatangulia kwa sababu roboti haichoki kufungua oda, yaani agizo la kununua au kuuza, na kila oda ina gharama yake.

Chukua karatasi na kalamu. Tunatumia yuro kwa dola. Loti, yaani kipimo cha ukubwa wa oda, ni yuro 100,000. Pipsi ni hatua ndogo ya bei, 0.0001, kwa hiyo pipsi moja kwa loti moja ni dola 10. Ukiingia na loti 0.01, pipsi moja ni senti 10.

Tuseme broka wa kwanza anatangaza kamisheni sifuri, lakini spredi yake, yaani tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ni pipsi 1.2. Kila oda inakugharimu senti 12. Wa pili ana spredi ya 0.1, ila anatoza dola 7 kwa loti, kufungua na kufunga. Kwa loti yako hiyo ni senti 7, ongeza senti 1 ya spredi, unapata 8. Aliyeandika sifuri ndiye ghali.

Sasa iachie roboti. Oda 20 kwa siku, siku 20 za soko, ni oda 400: dola 48 kwa wa kwanza, 32 kwa wa pili. Kama akaunti yako ina dola 200, wa kwanza amekula asilimia 24 ya mtaji kwa mwezi mmoja, na bado hatujajua kama mkakati wako unalipa. Simamisha video hapa, uweke namba za broka wako mwenyewe.

Namba hizo usizitoe kwenye tangazo. Fungua akaunti ya demo, yaani ya majaribio isiyo na pesa halisi, tazama spredi mchana London ikiwa kazini, kisha tazama tena kati ya saa sita na saa nane usiku kwa saa za Afrika Mashariki, New York inapofunga siku. Utaona inavyotanuka. Halafu bofya kulia kwenye jozi ya sarafu, chagua Specification, usome swap, yaani gharama ya kulaza oda. Kwa jozi nyingi usiku wa Jumatano huhesabiwa mara tatu. Makato ya kuweka na kutoa pesa nayo yaandike. Ukiwa Kenya, hakikisha jina la broka limo kwenye orodha ya waliopewa leseni na CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji.

Twende kwenye roboti. Tafadhali usinunue ile ya Telegram inayoahidi faida kila mwezi. MetaTrader inakuja na mifano ya bure unayoweza kuifungua na kusoma kila mstari. Bonyeza F4 kufungua kihariri cha programu, ingia Experts, Examples, Moving Average. Soma kwanza sehemu ya juu yenye vigezo. Badilisha kimoja tu, bonyeza F7 kukusanya programu, urudi MetaTrader.

Bonyeza Ctrl na R kufungua sehemu ya kupimia roboti kwa bei za zamani. Chagua roboti, jozi, chati ya saa moja, na tiki halisi, yaani kila badiliko la bei lililorekodiwa. Pima kwa data ya 2022 na 2023 peke yake. Ukiridhika, usiguse kigezo chochote, ipime kwa 2024. Hapa ndipo mikakati mingi inapoanguka, na ni afadhali ianguke hapa.

Kwenye ripoti, gawanya faida kwa idadi ya oda. Spredi imeshahesabiwa ndani ya tiki halisi; kamisheni kama haikuwekwa, itoe kwa mkono. Kikibaki kiasi kidogo sana kwa kila oda, spredi ikitanuka kidogo tu faida imekwisha.

Ikipita, iweke kwenye chati ya demo, uwashe kitufe cha Algo Trading. Kompyuta ikizimika, roboti nayo imezimika, kwa hiyo panga habari ya umeme mapema. Baada ya wiki kadhaa fungua historia, jumlisha safu ya kamisheni na ya swap, uweke kando ya karatasi yako. Zisipolingana, mwandikie broka akueleze kabla hujaweka hata dola moja.