Dokidoki, Zukizuki, Kirikiri: Mwili Unavyosemwa kwa Kijapani

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko Japani, na tuko ndani ya mwili: moyo, kichwa, tumbo, ngozi. Kaka Baraka, tuanze na neno ambalo hata asiyejua Kijapani amewahi kulisikia kwenye katuni.

BARAKA: Dokidoki. Moyo unadunda. Na matamshi kwanza, dada, kwa sababu hapo ndipo sisi Waswahili tunapojulikana. Sauti ipande kwenye DO, kisha ishuke hadi mwisho: DO-kidoki. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, basi ulimi unajiendea wenyewe, tunasema dokiDOki.

ZUHURA: Na lina ndugu zake.

BARAKA: Wengi. Mzizi ni doki. Ukiurudia, dokidoki, pigo linaendelea. Ukiukata ghafla, dokitto, ni pigo moja la kushtuka, kama mtu amekuita kwa nyuma. Ukiumalizia kwa n, dokin, pigo ni moja lakini lina mwangwi, limesikika kifuani kote. Ukilijua hilo, huna haja ya kukariri maneno mengine moja moja. Zukizuki ni maumivu yanayopwita mfululizo, zukin ni mara moja. Chikuchiku ni kuchomachoma, chikutto ni mchomo mmoja. Muuguzi wa Kijapani kabla ya kukudunga sindano anakwambia "chikutto shimasu yo". Anakuahidi kwamba ni mara moja tu, imekwisha.

ZUHURA: Hapo wasikilizaji wetu wengine watasema hizi ni tanakali za sauti, tunazo: kuanguka pu, kutumbukia chubwi.

BARAKA: Tunazo, tena nzuri. Ila tofauti ni kazi zinazopewa. Kijapani kinatenga giongo, yaani maneno yanayoiga sauti, na gitaigo, yanayochora hali isiyo na sauti yoyote. Tumbo likikukata halitoi sauti, lakini lina neno lake. Kamusi moja ya wachapishaji Shogakukan ya mwaka 2007 imekusanya maneno 4,500 ya jamii hii. Na si lugha ya watoto. Daktari mtu mzima anamuuliza mgonjwa mtu mzima: ni zukizuki au ni gangan? Anategemea jibu lako.

ZUHURA: Sisi uzito huo tumeubebesha vitenzi. Kichwa kinawanga, tumbo linasokota, jipu linapwita, kidonda kinachonyota. Mjapani mara nyingi hutumia kitenzi kimoja, itamu, kuuma, halafu mbele yake anaweka neno la namna ya kuuma. Sasa tuingie kliniki. Kichwa.

BARAKA: Zukizuki ni kinachopwita pamoja na mshipa. Ukisema zukinzukin, umeongeza nguvu. Mgonjwa wa kipandauso mara nyingi huanzia hapo, hasa kama ni upande mmoja. Gangan ni kugongwa kwa nguvu kichwa kizima. Kama kimebanwa kama kwa mkanda, hiyo si zukizuki hata kidogo, unasema shimetsukerareru, nabanwa. Usichanganye, kwa sababu daktari anatenganisha aina za maumivu ya kichwa kwa maneno hayo hayo. Na kichwa kilichokuja ghafla, kikali kuliko vyote ulivyowahi kupata, usitafute neno. Piga 119, sema "kyuukyuu desu", kwamba unahitaji gari la wagonjwa.

ZUHURA: Tumbo.

BARAKA: Kirikiri ni kali, linachoma na kusokota mahali pamoja. Shikushiku ni la chinichini, si kali, ila haliachi. Gorogoro linanguruma, na mara nyingi choo kiko njiani.

ZUHURA: Gorogoro si radi?

BARAKA: Radi pia. Na ni jicho lililoingia kitu, ukipepesa unahisi mchanga. Shikushiku nayo ni kulia kwa kwikwi za chinichini. Kwa hiyo neno peke yake halitoshi, lazima utaje kiungo: "i ga kirikiri shimasu", tumbo la chakula linakata, "me ga gorogoro shimasu", jicho lina kitu.

ZUHURA: Kuna moja linalotisha watu bure: mune ga mukamuka suru. Mune ni kifua. Mtu anadhani moyo.

BARAKA: Kumbe ni kichefuchefu. Mukamuka ni kutaka kutapika, na pia ni hasira inayopanda. Sasa kwa moyo wenyewe, sikilizeni vizuri. Dokidoki inafaa kwa mapenzi, kwa mtihani, kwa hofu. Ukimwambia daktari dokidoki tupu, hajui kama una woga au una ugonjwa. Sema "jitto shite ite mo dokidoki shimasu": hata nikiwa nimetulia, moyo unadunda. Neno la kitabibu la hali hiyo ni douki. Bakubaku ni kasi zaidi, moyo unataka kutoka. Pigo likiruka, husemi dokidoki, unasema "myaku ga tobimasu", mapigo yanaruka.

ZUHURA: Na kyun?

BARAKA: Kyun ni kifua kukaza kwa mahaba au kwa huruma. Liache mlangoni. Kifua kinachobanwa kwa ugonjwa ni gyuutto: "mune ga gyuutto shimetsukeraremasu". Hiyo nayo ni 119.

ZUHURA: Ngozi sasa. Hapa ndipo ninapopenda mfumo wenyewe unapojionyesha.

BARAKA: Hirihiri, piripiri, biribiri. Konsonanti h, p na b, na Kijapani kinaziandika kwa herufi ileile, kinaongeza alama tu. Hirihiri ni ngozi iliyochomwa na jua, au koo lililochubuka. Piripiri ni mchomo mwepesi na mkali. Biribiri ni kupigwa na umeme, ganzi inayorusha mkono. Sauti ikiwa nzito, jambo linakuwa kubwa. Ndivyo mlango unavyobishwa: tonton kwa adabu, dondon kwa ngumi.

ZUHURA: Na piripiri ndiyo wanayosema pia kwa chakula kikali mdomoni! Limekutana na pilipili yetu kwa bahati, halina undugu nayo.

BARAKA: Kwa kizunguzungu pia kuna swali utakaloulizwa: guruguru au fuwafuwa? Guruguru, chumba kinazunguka. Fuwafuwa, unaelea, miguu haina ardhi. Njia za uchunguzi zinaachana hapo. Kwa kifua chenye pumu kuna zeezee, pumzi inayokoroma, na hyuuhyuu, inayopiga mluzi. Homa ikianza, mgongo unaingia baridi: zokuzoku.

ZUHURA: Tusiondoke bila kugusa kosa la kisarufi linaloharibu mambo. Njaa.

BARAKA: Aa, pekopeko. "Onaka ga pekopeko desu", tumbo ni tupu, nina njaa. Mwanafunzi ameshazoea kuongeza suru, yaani kufanya, ambayo kwa adabu ndiyo ile shimasu: dokidoki suru, zukizuki suru. Basi anasema pekopeko suru. Hiyo ni kuinamainama mbele ya bosi kwa kujipendekeza. Sababu ni kwamba hali iliyokwisha kufika, kama tumbo tupu au koo kavu, yaani karakara, inachukua desu, yaani "ni", na sauti yake haishuki baada ya silabi ya kwanza. Kinachoendelea kutendeka kinachukua suru, na sauti inashuka.

ZUHURA: Kwa hiyo anayekwenda kliniki kesho aandae nini?

BARAKA: Mapokezi watampa fomu ya maswali, monshinhyou. Aandike kiungo, neno lake, na tangu lini. "Kinou kara, i ga shikushiku itamimasu": tangu jana, tumbo linauma chinichini. Kama neno limebadilika, aliandike pia: lilikuwa shikushiku, sasa ni kirikiri. Daktari atamuuliza limebadilika saa ngapi, basi saa nayo aiandike.