Kidonda Kilichozoeleka: Mhadhara Kuhusu Saratani ya Ngozi, Mombasa

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Mama zangu, wazee wangu, na nyinyi wahudumu wa afya wa mitaani mliotoka Likoni, Kisauni na Changamwe, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie saratani ya ngozi, na najua wengi wenu mnaiona kuwa ugonjwa wa Wazungu wanaojianika ufukweni Nyali. Ni kweli ngozi nyeusi ina kinga kubwa dhidi ya jua. Lakini iko aina moja, saratani ya seli bapa, yaani seli za tabaka la juu la ngozi, ambayo sisi hutupata kwa njia nyingine. Mara nyingi huanzia kwenye kidonda kisichopona au kovu la zamani, hasa mguuni, chini ya goti, mahali ambapo mtu hufunga kitambaa, akateremsha suruali au buibui, mambo yakaisha.

Tuanze na moto. Mtoto amemwagikiwa uji, au stovu ya mafuta ya taa imemlipukia. Anapona, anabaki na kovu linalovuta ngozi nyuma ya goti. Anakua, anaoa, anapata wajukuu. Siku moja kovu linapasuka, linafunga, linapasuka tena kila akichuchumaa. Daktari Mfaransa, Jean-Nicolas Marjolin, alieleza vidonda vinavyoota kwenye makovu mwaka 1828, na hadi leo madaktari wanaviita kwa jina lake. Tangu kuungua hadi saratani kutokea hupita kama miaka 30 kwa wastani. Nani atakumbuka uji wa utotoni?

Sasa kidonda chenyewe, nanyi mnaokwenda nyumba kwa nyumba nisikilizeni hapa. Kidonda kinachopona kingo zake ni laini, zinateremka, na ngozi mpya nyembamba inatambaa kuelekea katikati. Cha saratani kingo zimeinuka, zimejikunja kwa nje, na ukizibonyeza kwa kidole chenye glavu ni ngumu. Katikati nyama inaota kama koliflawa. Unakisafisha taratibu, kinatoka damu. Kinanuka hata baada ya kuoshwa vizuri. Maumivu huenda yakazidi, huenda yasiwepo kabisa, kwa hivyo msiyategemee. Kisha pandisheni mkono hadi kinenani mtafute mtoki. Mtoki huja hata kwa usaha wa kawaida, lakini ukiwa mgumu, hausogei, wala hauumi, mgonjwa huyo asingoje wiki ijayo.

Kidonda kilichotunzwa vizuri miezi mitatu na bado hakijafunga, kikatwe kipande kipimwe. Hapo krimu nyingine haisaidii, wala asali, wala unga wa kapsuli unaonyunyizwa juu. Naelewa kwa nini watu wanafanya hivyo: duka liko mlangoni, na hospitali ni nauli ya matatu na siku nzima kwenye foleni. Wanaonikasirisha ni wenzangu wa kazi hii wanaobadilisha bandeji ya kidonda kile kile mwaka mzima bila kuuliza kwa nini hakiponi.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Unachomwa sindano ya ganzi, vinachukuliwa vipande vidogo ukingoni, zaidi ya pahali pamoja, kwa sababu katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa na haionyeshi kitu. Vinapelekwa maabara. Ulizeni: kipande changu kimekwenda wapi, na majibu nije lini? Karatasi ikitoka, iwekwe pamoja na kitambulisho.

Mzee wangu wa safu ya mbele ameniuliza kabla hatujaanza: saratani ikiguswa na kisu, si inasambaa? Swali hili limewafungia wengi nyumbani, nakushukuru kulitoa hadharani. Kisu hakiisambazi. Wale tunaowaona wakizidiwa baada ya kukatwa, wengi walifika ikiwa tayari imeingia kwenye tezi au mfupa. Ikiwahiwa, upasuaji peke yake huwaponya wengi. Daktari huondoa uvimbe pamoja na ngozi nzima ya pembeni: milimita 4 hadi 6 kwa uliyo mdogo usio wa hatari, na hadi sentimita 2 kwa uliyoota kwenye kovu, kwa kuwa huu hutawanyika upesi zaidi. Pengo hufunikwa kwa ngozi inayotolewa pajani. Ikishaingia mfupani, mguu huenda ukakatwa, na hilo ndilo ninalotaka tulizuie. Mionzi hutumika pale kisu kisipofaa, au baada ya upasuaji. Baadaye mtu arudi kuangaliwa kila miezi michache, hasa miaka miwili ya kwanza, maana huo ndio wakati inaporudi zaidi.

Wenye ualbino wao jua ni adui wa moja kwa moja, na saratani hii huwapata vijana wangali wabichi: mdomo wa chini, masikio, shingo, mgongo wa mkono. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na mawingu hayazuii miale. Mzazi, mwalimu, ustadhi wa madrasa: mtoto huyo asipangwe juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi. Kofia zetu za kushona haziwafai, hazifuniki masikio wala shingo, apewe pama. Mafuta ya kukinga jua yapakwe kila baada ya saa mbili, na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu huyatoa bure kwa waliosajiliwa. Gamba gumu usoni lisilotoka, lionwe na daktari.

Pia wanaoishi na virusi vya UKIMWI waonyeshe kinyama chochote kinachoota kwenye weupe wa jicho.

Nyuma ya jukwaa tumetundika pazia. Mwenye kidonda, au mwenye mgonjwa nyumbani, apite huko. Wanawake watatangulia, na muuguzi ataandika barua ya rufaa hapo hapo.