Barabara Nzuri Ndiyo Iliyotuponza

KASSIM: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo shemeji amenibana, anataka ile safari isimuliwe kabla hatujaanza kubishana nani alikosea wapi.

MWANAISHA: Hakuna cha kubishana. Nina daftari hapa. Kila siku usiku niliandika.

KASSIM: Basi nimekwisha. Kwa mnaotusikiliza mara ya kwanza, tulikuwa watatu garini: mimi, shemeji, na kaka yangu, yaani mume wake, ambaye kazi yake ilikuwa kulala kiti cha nyuma na kuamka kila tukiharibikiwa, aulize, "Tumefika?"

MWANAISHA: [anacheka] Mwache Baba Salma. Tuliingia Zambia kwa Nakonde, tukakata mpaka Kazungula, tukagusa Botswana kidogo, kisha Namibia hadi Walvis Bay kwenye bahari. Na kitu kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba barabara mbovu haikutufanya lolote.

KASSIM: Hata pancha moja. Nakonde mpaka Lusaka ni karibu kilomita 1,000, na safari ile kulikuwa na vipande ambavyo lori la mbele likiingia shimo unaona mzigo wote unayumba kama utakuangukia.

MWANAISHA: Na wewe ulikuwa umeng'ang'ania usukani, redio umezima, mtu akikusemesha unajibu "ngoja nipite hapa." Ubaya ulianza barabara ilipopendeza.

KASSIM: Daraja.

MWANAISHA: Daraja la Kazungula, ndiyo. Hebu wasimulie maana wewe ndiye uliyeliimbia sifa.

KASSIM: Lile daraja lina mita 923, limefunguliwa Mei 2021. Zamani pale ni pantoni tu, na madereva wa malori walikuwa wanakaa foleni siku kadhaa kungojea zamu. Halafu utaona daraja limepinda katikati. Halikukosewa. Zambia na Botswana zinagusana pale mtoni kipande cha mita 150 hivi, sasa wangenyoosha wangeingia Zimbabwe. Likapindwa.

MWANAISHA: Unaona? Anajua historia yote ya daraja. Namba ya injini ya gari lake mwenyewe haijui.

KASSIM: Si gari langu, la kaka.

MWANAISHA: Alikuwa ameshatuambia, "Hapa dakika ishirini." Afisa akachukua hati ya polisi ya gari na kadi, akatuomba tufungue boneti. Akainama na tochi ya simu, akaomba kitambaa, akafuta grisi taratibu, akasoma. Akasoma tena. Kwenye injini ni nane. Kwenye hati waliandika B.

KASSIM: B kubwa! Mimi nikamwambia, "Afande, hiyo nane imeandikwa vibaya." Akanijibu kwa upole kabisa, "Ndiyo, na mimi naona imeandikwa B."

MWANAISHA: Na alikuwa na haki. Angejuaje kama hatujaiba? Waliotuandikia hati ndio walioteleza, na sisi tukaipokea, tukaikunja, tukaitia kwenye bahasha bila kuisoma. Nimeandika hapa: "Saa sita nzima tumekaa, kivulini, simu kumi na moja." Mpaka barua ya masahihisho ikaja kwa njia ya simu, ikachapishwa, ikagongwa muhuri, jua limeshaanza kushuka.

KASSIM: Na viatu je?

MWANAISHA: Viatu tuvipite haraka. Botswana wanajikinga sana na ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, kwa hiyo gari linapita kwenye dawa, na ninyi mnakanyaga mkeka wenye dawa. Hata viatu vilivyo mabegini vinateremshwa. Baba Salma alikuwa na jozi nne. Nne! Kwenye safari ya gari!

KASSIM: Sasa kwa vile saa sita zimeliwa, nikaona tufidie. Kasane kwenda Ngoma, mpaka wa kuingilia Namibia, ni kilomita 50 na kitu, lami safi, lakini inakatiza hifadhi ya Chobe.

MWANAISHA: Jioni.

KASSIM: Jioni. Botswana ina tembo karibu 130,000, hakuna nchi inayoizidi. Mmoja alikuwa amesimama katikati ya lami.

MWANAISHA: Na wewe ukapiga honi.

KASSIM: Nilipiga kidogo.

MWANAISHA: Ulipiga honi kwa tembo, Kassim. Akageuka, masikio yakafunguka. Unajua, mbali tembo ni kijivu. Pale karibu nikaona ana tope jekundu limekauka mgongoni, linadondoka akisogea. Ndiyo karibu gani hiyo?

KASSIM: Nikarudi kinyumenyume nusu kilomita. Kaka akaamka, akaona miti inakwenda mbele...

MWANAISHA: Akauliza, "Tumesahau nini?" [wote wanacheka] Tukarudi Kasane, tukalala. Kesho yake saa nne asubuhi tumeshavuka Ngoma, na tembo hatukumwona.

KASSIM: Katima Mulilo mpaka Rundu niseme? Kilomita 500 na ushee, imenyooka kama uzi. Tulipokezana kuendesha kwa sababu ya usingizi, basi.

MWANAISHA: Ruka. Twende kwenye mchanga, maana ndio mama wa yote.

KASSIM: Haya. Sossusvlei, jangwa la Namib. Kutoka lango la Sesriem unapewa lami kilomita 60, huku na huku vilima vya mchanga vyekundu. Mwisho wa lami pana maegesho na kibao: kuanzia hapa, magari ya kuvuta magurudumu manne tu. Zimebaki kilomita tano.

MWANAISHA: Wengine walikuwa wameshuka, wamechutama, wanapunguza upepo wa matairi. Nikasema na sisi tupunguze. Ukasema?

KASSIM: Nilisema gari letu ni zito, litajitengenezea njia.

MWANAISHA: Lilijitengenezea kaburi. Mita 300, likakaa kwa tumbo.

KASSIM: Tukachimba kwa sahani. Kijana mmoja dereva wa watalii akasimama, hata hakutucheka, akatoa kipima upepo mfukoni, akashusha matairi yote kutoka 35 hadi 18. Tairi likilegea linatandama, linaukanyaga mchanga badala ya kuuchimba. Gari likatoka lenyewe kama halikuwa na shida.

MWANAISHA: Tukashangilia. Na hapo ndipo tulipojimaliza, kwa sababu Sesriem penye upepo kulikuwa na foleni, tukasema tutajaza mbele. Mbele ni Solitaire, kituo kipo, fundi tairi yupo. Tukapita.

KASSIM: Barabara ilikuwa tamu, shemeji! Changarawe za Namibia unaweza kudhani zimepigwa pasi. Mshale umekaa kwenye 90, vumbi liko nyuma, hakuna gari.

MWANAISHA: Tukasimama kwenye kibao cha Tropiki ya Kaprikoni, ule mstari wa ramani wa kusini mwa ikweta, tukapiga picha. Ile picha ninayo. Sote watatu tunatabasamu, na pembeni ya mguu wa Baba Salma tairi la nyuma limevimba chini kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Tumeinama karibu yake, hakuna aliyeliona.

KASSIM: Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, ubavu unapata moto, na ubavu ndio mwembamba. Jiwe moja lenye ncha likatosha. Tulikuwa tumeshapita korongo la Kuiseb, uwanda mtupu kuelekea Walvis Bay. Nikasikia pwaa, kisha gari likaanza kucheza nyuma.

MWANAISHA: Hukukanyaga breki, hapo nakupa heko. Uliliacha likapungua lenyewe.

KASSIM: Niliogopa tu, mguu haukusogea. Sasa nati: zilikuwa zimefungwa na mashine ya upepo, spana inajipinda. Kaka akasimama juu ya spana, akawa anarukaruka. Jeki inazama. Tukaweka chini yake ubao wa kukatia vitunguu. Tunashusha tairi la akiba...

MWANAISHA: Laini. Ukilibonyeza na kidole gumba linaingia. Tangu tuondoke hakuna aliyelipima. Na pampu ya upepo, ile ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari, nani aliisahau nyumbani?

KASSIM: ...

MWANAISHA: Wasikilizaji, mimi na jua la jangwani, nimejibanza kwenye kivuli cha gari, nimekalia begi la mablanketi, saa moja na nusu, mpaka akapita mzee mmoja na pikapu yake mwenye pampu. Na yule naye akatuuliza, "Mmekuja huku bila pampu?" Nikamwonyesha Kassim. Tena niliandika humu: "Kassim, pampu." Nikapiga mistari miwili.

KASSIM: Shemeji, nilitaka nikwambie kitu, sasa sijui kama hapa ndipo mahali pake.

MWANAISHA: Sema.

KASSIM: Mwezi uliopita kaka aliniomba nimsaidie kufua yale mablanketi.

MWANAISHA: Enhe?

KASSIM: Nikafungua begi. Nikatoa la kwanza, nikatoa la pili...

MWANAISHA: Kassim, usiniambie.

KASSIM: Waya umezungushwa vizuri, umefungwa na ule mpira wako wa nywele wa zambarau.

MWANAISHA: ...Lete kalamu. Nifute ile mistari.