Gojira wa 1954 na Wavuvi wa Yaizu

Ndugu zangu, wapenzi wa filamu, walimu na wanafunzi mliokuja jioni hii, ahsanteni. Wengi wenu mliitazama Gojira jana, ile filamu ya Kijapani ambayo dunia huijua kama Godzilla, na niliwasikia baadhi yenu mkicheka pale dubwana lilipochungulia nyuma ya kilima. Siwalaumu. Ni mtu aliyevaa vazi la mpira, na inaonekana wazi. Leo naomba tuliweke dubwana kando kidogo, tuwaangalie watu waliomo. Hoja yangu ni moja: filamu hii ya kutisha ni filamu ya matanga. Waliitengeneza watu waliofiwa, wakaitengenezea watu waliofiwa, na asiyejua msiba wenyewe hataona kitu ila vijumba vya kuchezea vikibomolewa.

Tuanze baharini, maana ndiko ilikoanzia.

Tarehe 1 Machi 1954, kabla jua halijachomoza, Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Jaribio hilo liliitwa Castle Bravo. Wataalamu walitarajia nguvu ya megatani 6 hivi, na megatani moja ni sawa na tani milioni moja za baruti. Zikatoka 15, yaani karibu mara elfu moja ya bomu lililoiangamiza Hiroshima. Walikosea juu ya lithiamu, metali nyepesi iliyokuwa sehemu ya fueli ya bomu. Aina moja ya lithiamu waliyodhani haitashiriki katika mlipuko ilishiriki, tena kwa nguvu. Matumbawe ya kisiwa yakasagika yakawa vumbi lenye mionzi, vumbi likapaa juu sana, na upepo ukalibeba kuelekea mashariki.

Mashariki kulikuwa na watu. Kulikuwa na wenyeji wa kisiwa cha Rongelap, ambako watoto waliyachezea yale majivu meupe yaliyokuwa yakidondoka, kwa kuwa hakuna aliyewaambia ni kitu gani. Kulikuwa pia na chombo cha kuvua jodari kilichotoka bandari ya Yaizu, Japani, kikiitwa Daigo Fukuryu Maru, kikiwa na mabaharia 23. Chombo hicho kilikuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku. Waliona mwanga mkubwa upande wa magharibi, upande ambao jua halichomozi. Baada ya dakika kadhaa wakasikia ngurumo. Baada ya saa chache majivu yakaanza kuwaangukia, nao wanaendelea kuvuta kamba zao, kwani mvuvi haachi mitego baharini akakimbia. Yakawaingia machoni, kwenye nywele, ndani ya kola. Kabla hawajafika nyumbani ngozi zilikuwa zimebabuka na nywele zinanyonyoka.

Walitia nanga Yaizu tarehe 14 Machi. Siku mbili baadaye gazeti la Yomiuri likaitoa habari, na wakati huo sehemu ya samaki wao ilikwisha kuingia sokoni. Fikirieni nchi ambayo samaki ni mboga ya kila siku, halafu watu wanaona maofisa wakipita sokoni na vipimo vya mionzi. Jodari wakazikwa kwa tani na tani. Akina mama wa mtaa wa Suginami, jijini Tokyo, wakaanza kukusanya saini za kupinga mabomu ya haidrojeni, na kufikia mwaka uliofuata saini zilizokusanywa nchini zilipita milioni 30. Tarehe 23 Septemba 1954 yule mwendesha redio wa chombo, Kuboyama Aikichi, akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Zishikeni tarehe hizo. Kuboyama alipokuwa anakata roho, kamera za kampuni ya filamu ya Toho zilikuwa kazini. Gojira ilitoka sinema tarehe 3 Novemba, wiki kama sita tu baada ya kifo chake. Na mnakumbuka inaanzaje. Inaanza na chombo baharini, usiku, mabaharia wamepumzika sitahani, mmoja anapiga gitaa. Mwanga unawaka majini, na chombo kinateketea. Inayofuata ni picha ya familia zilizojazana ofisini kwa kampuni ya meli, wanawake wakidai kuambiwa waume zao wako wapi. Mtazamaji wa Tokyo mwaka ule hakuhitaji kuelezwa chochote.

Mtayarishaji, Tomoyuki Tanaka, alikuwa na mpango wa filamu nyingine ya kupigwa Indonesia. Mpango ukavunjika, akahitaji kitu cha kujaza nafasi. Marekani mwaka 1953 ilikuwa imeonyeshwa filamu ya mnyama wa kale aliyeamshwa na bomu barafuni, na huko ndiko wazo lilikotoka, hilo halifichiki. Lakini Tanaka alimkabidhi kazi Ishiro Honda, na Honda hakuwa mtu wa kutengeneza mzaha. Aliitwa jeshini zaidi ya mara moja, akatumikia China, akashikwa mateka huko. Aliporudi nyumbani mwaka 1946 alipita Hiroshima, akaona kilichobaki. Tangu mwaka 1945 hadi 1952, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Marekani, magazeti, vitabu na filamu vilipita kwenye udhibiti, na habari za mabomu ya atomiki zilibanwa sana. Kwa hiyo mwaka 1954 watu walikuwa na miaka miwili tu ya kuweza kusema hadharani yaliyowapata. Walikuwa na kilio cha muda mrefu kifuani.

Hapa nitachepuka kidogo, kwa sababu jambo hili linawahusu wasemaji wa Kiswahili pia. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, si mbali na mji wa Likasi, katika mgodi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Ni Wakongo waliouchimba mwamba ule na kuubeba, katika mkoa ambao hadi leo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na nyumbani. Hawakuambiwa unakwenda kufanya nini, wala unaweza kuwafanya nini wao wenyewe. Sidhani tunaweza kuitazama Gojira kana kwamba ni habari ya Wajapani na Wamarekani peke yao.

Turudi studio. Aliyesimamia hila za kamera ni Eiji Tsuburaya, fundi ambaye mwaka 1942, wakati wa vita, alijenga vielelezo vya bandari na manowari kwa ajili ya filamu ya propaganda kuhusu shambulio la Hawaii. Alikuwa amevutiwa tangu zamani na King Kong ya mwaka 1933, ambamo mwanasesere husogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Kwa kazi hiyo kungehitajika miaka. Yeye alipewa miezi. Ndipo wakaamua kumvisha mtu. Haruo Nakajima aliingia ndani ya vazi la kwanza lililokaribia kilo 100, gumu kiasi kwamba alipiga hatua chache tu akashindwa. Alikwenda bustani ya wanyama ya Ueno kuwatazama tembo na dubu wanavyohamisha uzito wa mwili, akayaleta hayo kazini. Majengo yalijengwa kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano, na kamera ilizungushwa kasi kuliko kawaida ili picha zikionyeshwa mwendo uwe wa polepole, mzito. Mlio ule mnaoujua alibuni Akira Ifukube, mtunzi wa muziki, kwa glavu ya ngozi iliyopakwa lami ya msonobari ikivutwa juu ya nyuzi za besi kubwa, kisha sauti ikapunguzwa mwendo. Mimi kila nikiusikia huo mlio nasikia kitu kinachoumia, wala si kinachotisha tu. Hata ngozi ya dubwana ilifinyangwa iwe na makovu.

Lakini niliahidi kuzungumza habari za watu.

Katika treni, mwanamke kijana anawalalamikia wenzake: kwanza jodari wenye mionzi, sasa Gojira, nami niliyenusurika Nagasaki! Anayasema kama mtu anayelalamikia kupanda kwa nauli, na ndiyo maana yanachoma. Bungeni, mjumbe mmoja anataka ifichwe kwamba dubwana limetokana na majaribio ya mabomu, eti uhusiano na mataifa utaharibika. Wajumbe wanawake wanasimama wanapaza sauti: ukweli utangazwe! Kwangu hii ndiyo sehemu yenye ujasiri kuliko zote, kwa sababu udhibiti ule ulikuwa umeondolewa juzi tu. Usiku Tokyo inapowaka, mama amejikunyata chini ya ukuta na watoto wake, anawaambia kwamba sasa hivi watakwenda kwa baba. Baba amekufa, bila shaka vitani. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 mabomu ya moto yaliua watu wapatao 100,000 katika jiji hilohilo. Waliokuwa kwenye viti vya sinema ndio walionusurika.

Kisha asubuhi. Filamu nyingi za namna hii, dubwana likiondoka, hukimbilia kwa majenerali na ramani zao. Honda anatupeleka hospitali. Watu wamelazwa sakafuni. Daktari anaweka kipimo karibu na mtoto wa kike, kinalia, naye anatikisa kichwa. Mtoto mwingine anamlilia mama yake anayetolewa. Halafu wasichana wa shule wanaimba wimbo wa kuomba amani, na kamera inapita taratibu juu ya magofu. Hakuna kinachosogeza kisa mbele katika dakika hizo. Ni kukaa na wafiwa tu.

Linganisheni na Them! ya Marekani, ambayo ilitoka mwaka uleule wa 1954. Jaribio la kwanza la atomiki, lile la jangwa la New Mexico, limezaa sisimizi wakubwa kama magari. Ni filamu nzuri, naipenda, na nusu saa yake ya kwanza jangwani ni fundisho la namna ya kutisha bila kuonyesha. Lakini inamalizika kwenye mitaro ya chini ya Los Angeles, askari wana mitambo ya kurusha moto, na serikali iliyolipua bomu ndiyo inayookoa watu. Yule mnyama wa 1953 naye anauawa kwa risasi yenye mionzi. Atomu ilileta balaa, na atomu imeliondoa. Hofu imo, nayo ni ya kweli, lakini ni hofu ya mtu aliyeshika bomu mkononi. Honda alikuwa upande ambao bomu liliangukia.

Ndiyo maana mwisho wake haufanani na wao. Silaha pekee ya kumwua Gojira iko kwa Dakta Serizawa, mwanasayansi aliyepoteza jicho vitani, aliyegundua njia ya kuharibu oksijeni ndani ya maji na kila kilicho hai humo. Hataki kuitoa. Anajua wanasiasa wakiiona mara moja tu, hawatatulia mpaka waipate. Hata akichoma karatasi zote, ujuzi utakuwa umebaki kichwani mwake, naye binadamu anaweza kulazimishwa. Anawaona wale wasichana wakiimba kwenye televisheni, anachoma karatasi, anazama ghuba ya Tokyo na silaha yake, na akiwa chini anaikata kamba yake mwenyewe. Mtangazaji melini anashangilia ushindi, ila kamera haikai naye; inakwenda kwa wanaolia. Na mzee Yamane, mtaalamu wa wanyama wa kale katika filamu, aliyeigizwa na Takashi Shimura, anasema haamini kwamba huyu alikuwa Gojira wa mwisho. Majaribio yakiendelea, mwingine anaweza kutokea mahali pengine duniani.

Majaribio yaliendelea. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza hapa Afrika, Reggane, katika jangwa la Algeria. Mwaka 1961 Wasovieti wakalipua bomu la megatani zipatazo 50. Mkataba wa kukomesha milipuko ya angani, majini na anga za juu ulikuja mwaka 1963, na China na Ufaransa hazikuutia saini.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo sababu ya mashine ile ya kuonyeshea filamu kuwa pale nyuma. Waamerika hawakuiona filamu mliyoiona jana. Mwaka 1956 ilionyeshwa kwao toleo lililokatwakatwa, likaongezwa mwandishi wa habari Mmarekani, akaigizwa na Raymond Burr, anayesimulia kila kitu. Dakika 96 zikawa 80. Yule mwanamke wa Nagasaki katika treni hayumo. Maneno ya mwisho ya Yamane hayamo. Badala yake tunaambiwa dunia inaweza kuamka na kuishi tena. Ni toleo hilo lililosambaa nchi nyingi, na filamu nzima ya Honda haikuonyeshwa rasmi katika sinema za Marekani hadi mwaka 2004. Ni kwa toleo hilo la 1956 watu wengi walizoea kulicheka dubwana.

Sasa naomba taa zizimwe. Tutatazama dakika za mwisho za matoleo yote mawili, la 1954 kwanza, halafu la 1956. Sikilizeni ni nani anayepewa neno la mwisho. Kisha nitapokea maswali, na ningependa tuanze na wale waliokaa nyuma.