Risiti ya sufuria: nani anaamua maisha yetu hapa Houston

Shikamooni wazee wangu, vijana hamjambo, wa asalam aleikum asalam aleikum, wa Bwana asifiwe Bwana asifiwe, na ndugu zangu wa Kivu na wa Bujumbura mliokuja na watoto karibuni sana, huku mbele viti bado vipo. Nimeambiwa nisivute sana manake kuna watu wana shifti ya usiku, basi ngoja nianze.

Hii mnayoiona mkononi ni risiti. Jana nilipita duka moja pale Bissonnet nikachukua unga wa ugali na sufuria ya dola 20. Angalieni hapa chini. Unga haujakatwa kodi, Texas chakula cha kwenda kupika nyumbani hakikatwi, ila sufuria imekatwa dola 1 na senti 65, ndio ile asilimia 8.25 tuliyoizoea mpaka hatuioni tena. Sa kwenye hiyo hela, dola 1 na senti 25 imeenda kwa serikali ya jimbo kule Austin, senti 20 imebaki kwa jiji la Houston, na senti 20 nyingine imeenda METRO, wale wa mabasi na treni. Yani kijana aliyetoka kambini Nyarugusu, wiki yake ya kwanza hapa, Kiingereza bado, kitambulisho cha Texas bado, akinunua tu blanketi ameshachangia basi lipite. Mimi naona tuanzie hapo. Hapa hakuna mtu anayekaa bure, wote tunalipa, na anayelipa ana haki ya kuuliza.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Tukikutana kwenye harusi, kwenye matanga, tunabishana Nairobi mpaka saa nane usiku, tunabishana Kinshasa, Dodoma, tunabishana Washington utafikiri tumetumwa. Halafu mtu akiuliza jamani diwani wa hapa tulipokaa ni nani, kimya. Silaumu mtu, hatukufundishwa, tulifundishwa kuendesha gari na kutafuta kazi. Lakini Washington haiji kuzoa taka zako Alhamisi, na Dodoma haijui kama mtoto wako anasubiri basi juani.

Hilo la basi ngoja niwaambie lilivyonikuta. Miaka ile sijapata gari nilikuwa nasubiri basi barabara ya Beechnut na mwanangu wa miaka minne. Kituo chenyewe ni mti wa chuma na kibao, basi, hakuna paa hakuna benchi, na Agosti ya Houston mnaijua, lami inapumua. Mtoto akawa anasimama kwenye kivuli cha ile nguzo, kivuli chembamba kama mkono wangu, na kikisogea na yeye anasogea. Nilipomwona anafanya vile nikasema hapana, hili lazima niliseme mahali.

Nikauliza uliza nikaambiwa kila wiki ya kikao pale City Hall, Bagby katikati ya jiji, mtu yeyote anaruhusiwa kuja kusema mbele ya meya na madiwani. Unajiandikisha mapema kwa katibu wa baraza, unachagua dakika moja, mbili au tatu. Hawakuulizi una pasipoti ya wapi. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Unasimama kwenye kipaza sauti, meya kakaa katikati juu pale, madiwani huku na huku, na saa inahesabu kurudi nyuma. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja wa Kivietinamu, kaandika maneno yake kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mikono inatetemeka lakini kasoma mpaka mwisho. Nikapata nguvu. Nikasema yangu kwa dakika mbili, Kiingereza changu kile kile.

Diwani akanishukuru vizuri kabisa, halafu akanifahamisha kitu ambacho sikukijua: vituo vya basi ni vya METRO, na METRO ina bodi yake na hela zake, ile senti moja kwa kila dola. Ila bodi hiyo ina watu 9, na 5 kati yao wanateuliwa na meya na kuthibitishwa na hawa hawa madiwani. Kwa hiyo nilikuwa sijapotea sana, nilikuwa nimegonga mlango wa jirani. Akanipa jina la mtu wa kuongea naye. Na ndio siku hiyo nikaelewa kazi yenyewe, kwamba Houston unaishi ndani ya serikali tano au sita kwa wakati mmoja, zimepandana kama khanga kwenye kamba, na ukitaka kusaidiwa lazima ujue unavuta ipi.

Tuzipitie basi. Jiji lenyewe, watu kama milioni 2.3, lina meya na madiwani 16. Madiwani 11 wana wilaya zao, 5 wanachaguliwa na jiji zima. Sisi wa Alief tuko wilaya F, wenzetu wa Gulfton na Sharpstown wako J. Meya wa hapa ana nguvu kweli kweli, sio kama miji mingine ambayo kuna meneja ameajiriwa. Anasimamia idara zote na anapiga kura barazani, na kwa miaka mingi yeye peke yake ndiye alikuwa anaamua nini kiingie kwenye ajenda. Novemba 2023 wananchi wakapiga kura kwamba madiwani watatu wakikubaliana nao wanaweza kuingiza jambo, na ilipita kwa zaidi ya asilimia 80. Jiji ndio maji yako, polisi, zimamoto, mashimo ya barabarani, mtaro wa mbele ya nyumba. Polisi na zimamoto wa dharura ni 911, mengine hayo unapiga 311, simu ya huduma za jiji, na ukipiga, tafadhali, andika ile namba ya malalamiko wanayokupa. Bila namba utaanza upya kila siku.

Kisha kuna kaunti, Harris, watu zaidi ya milioni 4.7. Mkuu wake anaitwa jaji wa kaunti na hili jina linawatisha watu wetu, nimesikia mtu anasema sitaki mambo ya jaji mimi makaratasi yangu bado. Mama, huyo kazi yake sio kukuhukumu, anaongoza baraza la kaunti pamoja na makamishna wanne, basi. Kaunti ndio sherifu, ndio mito ile tunayoita bayu na mafuriko yake. Mnakumbuka kimbunga Harvey, Agosti 2017, kuna sehemu za hapa maji ya mvua yalipita inchi 40. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Agosti 2018, wakazi wa kaunti walikubali kwa kura kukopa dola bilioni 2.5 za kupanua mito na kuchimba mabwawa. Hivyo maji yakijaa kwenye mtaro wa barabarani ni jiji, yakijaa kwenye bayu ni kaunti, na yale mabwawa mawili makubwa ya Addicks na Barker ni jeshi la wahandisi wa serikali kuu. Maji ni yale yale, wenyewe watatu.

Na sio kila mwenye anwani ya Houston yuko Houston. Wifi yangu alinunua nyumba kule magharibi, barua zinaandikwa Houston, TX, akafurahi yuko mjini. Siku maji yamepungua akapiga 311, wakamwambia kwa upole dada wewe hauko kwenye jiji. Kumbe watu kama milioni 2 wa kaunti hii wanaishi nje ya mji wowote. Maji yao ni ya kitu kinaitwa MUD, kaserikali kadogo ka maji ka mtaa wenu tu, kana bodi ya watu watano, kanatoza kodi, na uchaguzi wake unaweza kukuta wamepiga kura watu wachache kuliko waliopo humu ukumbini. Wifi sasa hivi anahudhuria vikao vyao. Diwani wa jiji hana, meya wa Houston hawezi kumpigia kura, hilo nalo alikuwa hajui.

Shule nazo kivyake. Hapa Alief uko ndani ya jiji lakini shule ni za wilaya ya shule ya Alief, Alief ISD, sio ya Houston, HISD. Ukihamia apatimenti ya ng'ambo ya barabara unaweza kuwa umebadilisha wilaya ya shule bila kujua. Na wenye watoto HISD mnajua ya kwenu: Juni 2023 jimbo likaichukua ile wilaya, waliochaguliwa kwa kura wakawekwa pembeni, Austin ikateua bodi yake na msimamizi wake, Mike Miles. Wengine wanasema alama zimepanda, wengine wanalia walimu wameondoka, mimi nina maoni yangu: mtoto ni wangu, kodi ni yangu, nataka mtu ninayeweza kumwondoa kwa kura. Novemba 2024 wapiga kura walipoombwa kukubali mkopo wa dola bilioni 4.4 wa kujenga shule, walikataa. Shule kweli zinahitaji kujengwa. Lakini kura ndio mdomo pekee waliobaki nao, wakautumia.

Kuna mtu aliniuliza kwa nini hapa gereji iko ukuta kwa ukuta na kanisa na nyumba za watu. Houston haina sheria ya kupanga matumizi ya ardhi kama miji mingine, wakazi wamepigia kura jambo hilo 1948, 1962 na 1993, mara zote likakataliwa. Kinachokulinda ni masharti ya mtaa wako yaliyoandikwa kwenye hati. Kabla hujasaini kununua, yasome.

Sasa kodi ya nyumba. Texas haina kodi ya jimbo kwenye mshahara, kwa hiyo wanakuja kwenye nyumba. Ukiifungua ile bili utakuta mstari wa shule, wa jiji, wa kaunti, wa mafuriko, wa bandari, wa chuo, wa Harris Health, hospitali za umma, na ndio hiyo inayomtibu mama yako kwa Gold Card, ule msaada wa matibabu kwa wenye kipato kidogo, pale hospitali ya Ben Taub. Kila mstari una watu waliochaguliwa au walioteuliwa nyuma yake. Na thamani ya nyumba waliyokuandikia kwenye ile barua ya masika unaweza kuipinga, bure, mwisho kwa kawaida ni tarehe 15 Mei. Jirani yangu mmoja alikwenda na picha za ufa, udongo wetu huu wa mfinyanzi unavimba na kunywea mpaka msingi unapasuka, akaweka rula pembeni ya ufa ili waone upana, akapeleka na makadirio ya fundi. Wakampunguzia. Kama unaishi kwenye nyumba yako hakikisha umejaza ile fomu ya homestead: thamani yako ya kulipia kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kwenye kodi ya shule unasamehewa sehemu kubwa, ilikuwa dola 100,000 mwaka 2023, ikapandishwa 140,000 mwaka 2025. Nimekutana na familia zetu zimekaa miaka sita bila kujaza. Ni ukurasa mmoja, jamani. Na wanaopanga msiseme haituhusu, mwenye nyumba akipandishiwa kodi anaishushia kwako.

Halafu umeme. Kimbunga Beryl, Julai 8, 2024, zaidi ya wateja milioni 2 walikuwa gizani. Kwetu ilikuwa siku saba. Siku ya pili tulitoa samaki wote kwenye friza tukakaanga kwenye mkaa uani, tukagawa jengo zima, Wahonduras wakaleta maharage, watoto wakalala milango wazi, simu tunachajia kwenye gari kwa zamu dakika ishirini ishirini. Nilivyosikia watu wanamtukana meya usiku ule nikawa najiuliza nani atawaambia. Nguzo ni za kampuni, na kampuni inasimamiwa na tume ya huduma za umma, makao yake Austin, makamishna wanateuliwa na gavana. Hata ile baridi ya Februari 2021, watu 246 walikufa kwa hesabu ya jimbo lenyewe, gridi ya Texas iko peke yake haijaungana vizuri na majirani, na uamuzi wa hiyo uko Austin. Malalamiko unayaandika kwa tume, na unamkumbuka gavana siku ya kura.

Kwenye kura naomba mnisikilize sana. Kama hujawa raia, usisaini fomu ya kujiandikisha kura hata ukibembelezwa pale nje ya duka, hata ukiambiwa ni kawaida. Inaweza kukuharibia uraia na kukurudisha ulikotoka. Kusema barazani, kupiga 311, kupinga kodi, hayo ni yako tangu leo. Ukishaapa uraia, jiandikishe angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi wa jiji ni mwaka wa witiri, Novemba, karatasi haina majina ya vyama. Na idadi yetu ina uzito, msidharau. Duru ya pili ya Desemba 2023, John Whitmire na marehemu Sheila Jackson Lee wanagombea umeya, jiji la milioni 2.3, zilipigwa kura kama laki mbili. Diwani wa wilaya yenye watu laki mbili anaweza kupita kwa kura elfu chache. Hesabuni makanisa yetu na misikiti yetu hapa kusini magharibi.

Mama pale nyuma, nimeona mkono. Anauliza karatasi ya kura ina Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina, yeye anasoma Kiswahili tu, ameshakuwa raia, atafanyaje. Mama, sheria inakuruhusu kuingia na mtu wa kukusaidia kusoma, mtu yeyote unayemwamini, mtoto wako, jirani, isipokuwa bosi wako au mtu wake, au kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Ataapa kwamba hatakuchagulia, atakutafsiria tu. Unaenda kituo chochote cha Harris, hata wiki ya kura za mapema, asubuhi hakuna foleni. Na kama mtoto yuko kazini na jirani hayupo, chukua namba yangu hapo mlangoni. Nina gari sasa, nitakupitia.