Baba mdogo aliigeuza simu kwanza

Mbukwenyi watu wangu wa Dodoma, Majengo, Nkuhungu, Chang'ombe, na nyie wa chuo pale Udom mnaokula bando la usiku, wakubwa wote shikamooni. Huku Leeds, Uingereza, baridi imeshika ila leo sikai kimya maana kila siku kwenye komenti mnaniuliza hivi wewe huko unasomea nini.

Natafiti utani wa kisiasa. Zile klipu, stika na voisi za kuigiza waheshimiwa, tunazozitengeneza sisi tulioko nje halafu zinaingia kwenye simu zenu huko. Shangazi akaniuliza, vichekesho navyo vinasomewa? Ndio shangazi, vinasomewa, na nitakwambia kwanini.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa nyumbani, msimu wa zabibu, nimekaa kwenye meza ya baba mdogo anapouzia zabibu pale Majengo. Nikamrushia klipu moja ambayo huku ilituvunja mbavu mpaka mwenzetu mmoja kakaa chini kwenye kapeti. Baba mdogo akaangalia sekunde kama kumi hivi, akaigeuza simu kifudifudi juu ya kreti, akaendelea kumpimia mama mmoja kilo yake, akamrudishia chenji, yule mama akapanda bajaji, bajaji ikaondoka, ndo akaiinua simu akacheka mpaka machozi. Akanambia mwanangu, hii kwako cheka, hapa kwangu pana watu.

Hakuilaiki, hakuishea. Yaani kwenye hesabu ya watazamaji waliocheka baba mdogo hayupo kabisa, na mimi utafiti wangu wote sasa hivi unawatafuta watu kama yeye.

Mnakumbuka enzi za Orijino Komedi, akina Joti na Masanja wanaiga viongozi kwenye tivii, sebule nzima inacheka, mjomba wa chama naye anacheka. Halafu ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao 2015, 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni na leseni zake, na Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan akakamatwa baada ya kujirekodi anaicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Kucheka tu jamani! Hata Gado, Mtanzania mwenzetu anayechorea Nairobi, katuni yake ya Rais Kikwete ilitoka kwenye The EastAfrican 2015 na muda si mrefu gazeti likazuiwa kuingia Tanzania, serikali ikasema halijasajiliwa.

Sasa angalia utani wetu wa asili. Wangoni na Wahehe walipigana vita kweli kweli karne ya 19, leo ni watani, msibani mtani anakutania mpaka unasahau kulia. Ila yupo pale, kakaa mkeka ule ule na wewe, ukikasirika unamkasirikia ana kwa ana. Sisi wa huku tunapiga dongo tukiwa maili elfu kadhaa, anayeulizwa ni aliyefowadi. Hili linaniuma na sitaki kulipamba kwenye tasnifu.

Kwa hiyo naomba, msinitumie klipu, ninazo nyingi. Niambieni mlikuwa wapi mlipoiona, nani alikuwa pembeni, mlicheka saa ngapi. Majina msitaje, voisi nikishaiandika naifuta.

Baba mdogo kaniruhusu kusimulia hii, kasema tu nisiseme klipu ilikuwa ya nani, kwa hiyo siisemi.